Hisa za Signor Masinde

Tulimwacha Masinde amesimama na bakuli la supu ya njegere, na jina lake linatajwa mezani na mtu ambaye hajawahi kumwuliza jina.

Wasomaji kadhaa mmeniletea barua za matusi, mnauliza kwa nini nilikata maneno hapo supu ikipoa. Poleni. Mhariri ana mkasi, na mimi nina watoto wa kulisha. Sasa rudini nami Njoro, Jumapili mchana, nyumbani kwa Bwana Tuckwell, mkurugenzi wa Benki ya Bonde, ambaye Masinde ni mpishi wake.

Aliyelitaja jina ni Bwana Cruickshank, mwenyekiti wa benki hiyo, mzee wa shingo nyekundu na sauti ya kuitia mbwa.

"Masinde!" akarudia, akigonga meza. "Signor H. Masinde! Mtaliano! Amenunua hisa elfu nne za benki yetu kwa bei ya kutupa. Na wiki hii benki ya London inatangaza kwamba itazinunua hisa zote kwa bei maradufu. Nani alimwambia, Tuckwell? Siri hiyo tuliijua sisi wakurugenzi peke yetu!"

Walisema Kiingereza. Mimi nawatafsiria bure. Masinde hakuhitaji mtafsiri, maana aliwapikia maofisa tangu Habeshi hadi Burma, na mtu hawezi kuwapikia maofisa miaka yote hiyo asijue wanamsengenya nani.

Hezekiah Masinde hakuwahi kununua hisa hata moja. Alichonunua mwezi ule ni sabuni na kiberiti. Bakuli likainama, na supu yote ikaishia kwenye suruali ya Bwana Tuckwell.

Bwana Tuckwell hakupiga kelele. Hapo ndipo Masinde alipojua kuna jambo. Mzungu akimwagiwa supu ya moto akanyamaza, ujue ana la moto zaidi rohoni.

"Namfahamu huyo Mtaliano," akasema Bwana Tuckwell huku akijifuta. "Ana shamba Naivasha. Anatengeneza jibini. Mtu mfupi."

"Mfupi? Dalali wa Nairobi aliniambia wewe ulimweleza ni mrefu."

"Mrefu. Ila ameinama."

Bwana Cruickshank akamtazama kwa muda mrefu, kisha akamtazama Masinde, kisha akaomba viazi.

"Jumamosi tuna mkutano wa wenye hisa pale hotelini Nakuru," akasema. "Mlete huyo mrefu aliyeinama. Asipokuja nampa Inspekta jina lake, na mwenye jina hilo atalala jela, awe Mtaliano, awe Mchina."

Sasa, msomaji, piga hesabu nami. Bonde zima lina akina Masinde wangapi wenye herufi H mbele? Mmoja. Na yuko hapa, anaokota njegere kwenye zulia.

* * *

Mgeni hajafika hata barabara kuu, Bwana Tuckwell akaingia jikoni na suruali mpya na Kiswahili chake kilekile.

"Masinde. Wewe nasikia ile maneno?"

"Nimesikia, Bwana."

"Ile hisa iko yangu. Jina tu iko yako. Sheria ya benki nasema mkurugenzi akijua siri, hapana nunua. Basi mimi nakumbuka wewe. Mtu mzuri. Jina mzuri."

"Lakini Bwana, mimi Mwafrika. Dalali aliniuzia?"

"Hapana! Dalali hapana uzia Mwafrika. Yeye nauliza kwa simu, huyu Masinde iko Mtaliano? Mimi nasema ndiyo, Mtaliano kabisa."

Masinde akaweka chini sufuria aliyokuwa akisugua. Marehemu babu yake, aliyempa jina hilo, alikuwa mrefu, mweusi tii, mchongaji wa mizinga ya nyuki kule Kimilili. Leo amefanywa Mtaliano bila kuulizwa.

"Na polisi wakija, Bwana?"

"Kama wao nakuja, mimi nasema boi naiba pesa, nanunua hisa." Alisema hivyo hata uso haukumbadilika. "Lakini hapana ogopa! Mimi natafuta Mtaliano kweli. Yeye nakuwa Masinde siku moja tu. Halafu wewe natia sahihi, hisa narudi kwangu, kwisha. Hii kama desturi yenu ya ng'ombe. Nyapara Kosgei nambia mimi. Mtu naweka ng'ombe kwa rafiki, siyo?"

"Ndiyo, Bwana."

"Basi! Wewe rafiki yangu. Jumamosi wewe nakuja hoteli, nasaidia gawa chai. Na Memsahib hapana jua hii maneno. Yeye iko Mombasa mpaka Jumatatu." Akageuka mlangoni. "Ile supu nakata kwa mshahara."

Rafiki! Nimeandika hadithi nyingi za urafiki katika gazeti hili, lakini wa namna hiyo sijauona tena.

* * *

Jioni ile Masinde aliketi nje ya nyumba yake na mkewe Adero, pamoja na Kosgei, nyapara wa ng'ombe wa maziwa, Mkipsigis aliyependa ng'ombe kuliko watu na hakuficha.

Masinde alipomaliza kueleza, Adero akapiga makofi ya mshangao.

"Yawa! Kwa hiyo mimi ni mke wa Mtaliano? Na bado nafua kwa mawe!"

"Mama Nekesa, usicheke. Hii ni jela."

"Nacheka kwa sababu nikilia nitaamsha mtoto. Wamechukua jina la babu yako wakalifanya gunia la kubebea wizi wao. Hilo ndilo linaniuma."

Kosgei alikuwa anatafuna jani la nyasi. Kisha akasema, "Bwana amesema ni kama ng'ombe wa kuwekwa?"

"Amesema hivyo."

"Hapana. Amesikia nusu. Nikiweka ng'ombe wangu kwako, watu hawajui ni wangu, hiyo ni kweli. Ndama ni wangu. Lakini maziwa ni ya nani?"

"Ya anayemtunza," akasema Masinde, maana hata kwao Bukusu ng'ombe huwekwa kwa marafiki.

"Basi umekunywa maziwa gani wewe? Umekatwa mshahara kwa supu!" Kosgei akatema jani. "Halafu sikiza. Kule kwetu Sotik kulikuwa na mzee mmoja, aliweka ng'ombe kwa shemeji yake. Serikali ikaja kuhesabu ng'ombe wa watu ili wapunguzwe. Mzee akaulizwa mbele ya baraza lote, huyu mwekundu ni wako? Akasema, si wangu, sijawahi kumwona, hata sura yake siipendi. Serikali ikaenda. Mzee akamfuata ng'ombe wake. Shemeji akamwambia, ng'ombe gani? Wakaenda kwa wazee."

"Wazee wakasema nini?"

"Wakasema, ulimkana mbele ya watu, na ng'ombe mwenyewe alisikia. Si wako tena."

Adero alicheka mpaka mtoto akaamka. Masinde hakucheka. Alikuwa amechoka, na alikuwa na hasira ambayo hakulijua jina lake, hasira ya mtu anayegundua kwamba hata kitu ambacho hakiuzwi dukani kimeibwa kwake. Akaingia kulala bila kula.

* * *

Jumamosi! Nakuru imejaa vumbi lake la kawaida, na magari ya masetla yamejipanga nje ya hoteli mpaka karibu na stesheni.

Ndani ya ukumbi wenye hisa wameketi, mabwana na mabibi wa ngano, pareto na maziwa, wote wanatabasamu kama paka aliyeona mtindi. Masinde amevaa kanzu nyeupe, mshipi mwekundu na kofia nyekundu, birika la chai mkononi. Adero naye yuko mlango wa jikoni, ameomba kibarua cha kuosha vikombe, maana alisema mume wake akikamatwa hatakubali kusimuliwa na majirani.

Inspekta wa polisi ameketi pembeni, anakula biskuti.

Na pale mstari wa mbele, karibu na Bwana Tuckwell, yuko Mtaliano. Mtaliano halisi! Anaitwa Beppe, fundi wa kujenga kwa mawe kutoka Naivasha, masharubu mazito, koti la kuazima. Ameahidiwa kreti ya wiski ili awe Masinde mpaka saa ya chakula. Chupa moja alishaifungua njiani kuhakikisha si maji.

Bwana Cruickshank akasimama, akavaa miwani, akaanza kuita majina ya wenye hisa. Kila aliyeitwa alijibu. Kisha akafika mahali akakohoa.

"Bi. Euphemia Cruickshank," akasoma haraka. "Ni shangazi yangu. Anaumwa kidogo, leo namwakilisha mimi. Alinunua zake hivi karibuni. Tuendelee."

Masinde aliyekuwa anamimina chai akasahau kusimamisha birika. Bi. Euphemia? Mbona mwaka juzi Bwana Tuckwell alimwazimisha mwenyekiti mpishi wake akapike chakula cha mazishi ya bibi huyohuyo? Alioka keki mwenyewe, na waombolezaji waliisifu. Kama Bi. Euphemia anaumwa, basi anaumwa sana.

"Boi! Chai yangu!" akalia bibi mmoja mzee kutoka Molo, kikombe kikifurika mapajani mwake.

"Samahani, Memsahib."

"Signor H. Masinde!" akaita mwenyekiti.

Beppe akasimama. Akainama kama alivyoagizwa, maana Bwana Tuckwell alikuwa amemwambia asisahau kuinama. Akainama zaidi. Nusura aanguke.

"Wewe ndiye Masinde?"

"Sì, sì! Ndiyo! Mimi Masinde. Mimi jibini. Mimi hisa."

"Nani alikuambia ununue?"

Beppe akageuka kumtazama Bwana Tuckwell apate jibu. Na katika kugeuka huko macho yake yakapita kwenye kofia nyekundu, yakashuka kwenye kanzu nyeupe, yakaganda kwenye uso wa mgawa chai.

Machozi yakamjaa.

"MASINDE!" akapiga kelele. "Masinde yangu! Amico mio, rafiki!"

Msomaji, sikukwambia, na ni makosa yangu. Wakati wa vita Beppe alikuwa mfungwa katika kambi ya Wataliano pale Gilgil. Na mpishi aliyempelekea uji alipokuwa anakufa kwa malaria, akamlisha kwa kijiko kila siku mpaka akasimama, alikuwa koplo mmoja wa Kibukusu.

Beppe akaruka viti, akamkumbatia Masinde, akambusu shavu hili na shavu lile mbele ya wenye hisa wote. Birika likaruka. Bibi wa Molo akapata chai ya pili.

"Huyu Masinde!" Beppe alilia. "Huyu moyo dhahabu! Mimi nakufa, yeye naleta uji!"

Bwana Cruickshank akavua miwani polepole.

"Subiri. Masinde anamwita nani Masinde?"

"Yeye Masinde," Beppe akasema kwa furaha.

"Na wewe je?"

Beppe akafikiri. Wiski ikamsaidia kusema kweli. "Mimi Beppe. Mimi Masinde mpaka saa ya chakula."

Ghasia! Watu wakasimama. Inspekta akaacha biskuti. Bwana Tuckwell akageuka rangi mara mbili, na zote mbili hazikumpendeza.

"Tuckwell!" akanguruma mwenyekiti. "Huyu ni mpishi wako! Umenunua hisa kwa jina la mpishi! Hisa hizi ni zako? Sema mbele ya mkutano huu. Kama ni zako, huna kiti tena katika benki hii, na nitahakikisha huna kiti hata klabuni!"

Klabuni! Kwa Bwana Tuckwell kufukuzwa benki lilikuwa jambo la kusikitisha, lakini kufukuzwa klabuni ni kifo. Akasimama, akaweka mkono kifuani.

"Si zangu! Naapa kwa heshima yangu. Hisa hizo si zangu, sijawahi kuziona, wala sizitaki!"

Kule mlango wa jikoni kikombe kikaanguka. Adero alikuwa amekiachia. Macho yake yakakutana na ya mumewe, na wote wawili walikuwa wanamwona ng'ombe mmoja mwekundu wa Sotik.

"Basi za nani?" akauliza mwenyekiti. "Za mlevi huyu?"

"Mimi kreti tu," akasema Beppe.

Hapa ndugu zangu ndipo mtu anapojulikana. Masinde angeweza kuokota birika na kurudi jikoni. Angesema hajui, wangemwita mjinga, na wangeridhika, maana kumwita mjinga walikuwa wamezoea. Angeendelea kupika njegere mpaka azeeke. Akisema neno, jela iko wazi.

Lakini jina lilikuwa limekaa pale mezani limeandikwa, jina la mchonga mizinga wa Kimilili, na kila mtu ukumbini alikuwa analikana. Masinde akaona hawezi kulikana na yeye.

Akavua kofia nyekundu, akaiweka juu ya meza.

"Ni zangu," akasema kwa Kiingereza safi. "Mimi ndimi Hezekiah Masinde."

Vicheko vikalipuka, halafu vikaona aibu vikaisha vyenyewe.

"Pesa ulipata wapi?" akafoka mwenyekiti.

"Niliwekewa na rafiki."

"Rafiki gani?"

"Simtaji, Bwana. Amenikana sasa hivi. Lakini kama kuna mtu humu anayesema pesa ni zake nimemwibia, asimame aseme."

Macho yote yakamgeukia Bwana Tuckwell. Angesema ameibiwa, hisa zingekuwa zake. Zikiwa zake, kwaheri klabu. Akaketi, akaanza kuchunguza kiatu chake.

"Haiwezekani!" Bwana Cruickshank akapiga meza. "Mwafrika hawezi kuwa na hisa! Karani, soma kanuni!"

Karani akafunua kurasa, akakohoa. "Kanuni hazisemi, Bwana. Nadhani hakuna aliyefikiria."

"Basi tuahirishe mkutano!"

"Tuahirishe nini!" Alikuwa bibi wa Molo, amelowa chai mara mbili na uvumilivu umemwisha. "London wanangoja na pesa zao! Mimi nimeuza matrekta nikanunua hisa, nataka faida yangu leo! Mpeni huyo mtu kiti tuendelee!"

"Kiti! Kiti!" wakalia wengine waliokuwa na njaa ya pesa.

Na hivyo ndivyo kiti kilivyoletwa. Masinde akaketi. Alikuwa amevifuta vumbi viti vya Wazungu nusu ya maisha yake, lakini hakujua kwamba ni vya starehe namna ile. Beppe akaketi sakafuni karibu naye, akalala usingizi. Adero alilia waziwazi mlangoni, akajifuta kwa kitambaa cha kufutia vikombe.

Laiti ningeweza kuishia hapo! Mngefurahi, nami ningelala.

Lakini mlango mkubwa ukafunguka kwa kishindo, akaingia mwanamke mrefu mwenye kofia ya safari na vumbi la njia nzima ya kutoka Mombasa.

Bwana Tuckwell akanong'ona, "Mungu wangu. Alisema Jumatatu."

Alikuwa Memsahib Tuckwell.

"Pesa zangu za kununulia farasi!" akasema, na sauti yake ikafika stesheni. "Urithi wa baba yangu! Nimekwenda benki kule Mombasa nikaambiwa akaunti haina hata senti. Pesa zote zimelipwa kwa dalali wa Nairobi, zimenunua hisa za mtu anayeitwa Masinde! Yuko wapi mwizi huyo?"

Inspekta akasimama, akapangusa makombo ya biskuti. Kutoka mfukoni akatoa pingu.

"Memsahib, unashtaki?"

"Nashtaki!"

"Vizuri." Akautazama ukumbi. "Nauliza mara ya mwisho, mbele ya mashahidi wote hawa. Nani mwenye hisa za Masinde?"

Bwana Tuckwell alikuwa bado na kiatu chake. Hakuinua kichwa, hata mkewe aliposimama mbele yake. Mwenyekiti naye alitabasamu kwa mara ya kwanza siku ile, akajimiminia chai.

Masinde akapiga hesabu. Akimkana ng'ombe, amempoteza, na jina la babu yake litabaki la Mtaliano asiyekuwapo. Asipomkana, pingu zile ni saizi yake. Akamtazama Adero. Adero hakutikisa kichwa wala hakuita. Alisimama wima tu, kitambaa mkononi, anangoja kuona ameolewa na nani.

Masinde akainuka kwenye kiti chake kizuri. Akanyoosha mikono yote miwili mbele ya Inspekta.

"Ni zangu," akasema. "Nifunge, twende kortini. Lakini kortini kila mwenye hisa aliyenunua hivi karibuni aitwe aeleze pesa zake. Tuanze na Bi. Euphemia Cruickshank. Nitafurahi sana kumwona. Mara ya mwisho nilipomwona, mimi ndiye niliyeoka keki ya mazishi yake."

Kikombe cha mwenyekiti kikaanguka, na safari hii bibi wa Molo aliwahi kuruka.